Jina Lililongoja Kaengesa

Binti yangu alitafuta jina la mtoto wake kwenye simu, na siku aliponiambia nilikasirika hadi maharage yakaungua jikoni. Nasema mapema ili msomaji asinitegemee kuwa mpole. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Sumbawanga, nimeita mahudhurio miaka mingi, na habari za majina hanidanganyi mtu.

Mtoto alizaliwa nikiwa nimesafiri kusimamia mitihani. Nilimwambia kwa simu, tena mara mbili: mwiteni mgeni tu, jina litangoja nirudi, tumpeleke kwa bibi yako. Akasema sawa, mama. Upande wa baba wa mtoto hawakuwa na neno, walishatuachia jina la mzaliwa wa kwanza, ya watakaofuata ni yao. Nikarudi nyumbani Malangali, mtaa wetu hapa mjini, baada ya wiki tatu, nikachukua kadi ya kliniki niangalie uzito, na pale juu, kwa wino, nikakuta jina. Fupi, silabi mbili, sijapata kulisikia Ufipa nzima. Silitaji hapa, kwa sababu mtoto hana kosa.

"Hili ni nini?" nikamuuliza.

Akanionyesha simu kwa furaha, kana kwamba namwomba maelezo. Majina mafupi ya wasichana na maana zake. Eva, uhai, Kiebrania. Ana, neema, Kiebrania tena. Kai, bahari, Kihawai. Hilo la bahari alilipenda, akasema, ila hata wavulana hupewa. Mtu aliyekulia kwenye mahindi na ulezi, bahari ameiona kwenye televisheni.

Alilolichagua mwishoni lilikuwa na maana tatu. Orodha moja ilisema ni la Kiebrania, maana yake nuru. Nyingine ikasema hapana, ni la Kilatini, maana yake mpendwa. Ya tatu ikalipeleka Japani, huko ni ua.

"Sasa huyu mtoto ni nuru, ni mpendwa au ni ua?"

"Vyote, mama."

"Na huko Japani tuna ndugu?"

"Mama, ni fupi, halisumbui. Linaingia kwenye kila fomu."

Hapo ndipo maharage yaliungua.

Inabidi nieleze, maana hata hapa mjini wapo wasioelewa. Katika ukoo wetu jina la aliyekufa mdogo hukaa na mzazi wake. Analitunza hadi azaliwe wa kulibeba. Haliendi kwa ndugu wa marehemu, linangoja mjukuu au kitukuu. Siku hiyo bibi anachovya kidole kwenye togwa ya ulezi, anamlambisha mtoto, kisha analitamka sikioni mwake. Lazima liwe jina la kwanza mtoto kuitwa. Akishaitwa jingine, basi, imekwisha. Haliwi jina la pili. Ndiyo maana kabla ya hapo mtoto huitwa mgeni.

Mama yangu, aliyeko Kaengesa, anatunza jina moja la namna hiyo. Ni la mtoto wake wa kwanza, dada yangu ambaye sikumwona. Alikufa kwa surua huko Muze, bondeni, wazazi wangu walipokuwa wakilima mpunga. Alikuwa na miaka minne. Wakamzika huko huko, na baadaye mto ukafurika ukayachukua makaburi yale. Picha haikupigwa. Nguo zake walizikwa nazo watoto wengine waliokufa kwa surua ile. Kilichobaki cha mtoto yule duniani ni jina lake, na tunaolijua tuko wawili, mama na mimi. Mama ana zaidi ya miaka themanini. Mimi nilizaa binti mmoja tu.

Yote hayo nilimwambia binti yangu kwa sauti ambayo majirani waliisikia. Nilimwambia amechagua jina kama mtu anavyochagua kitambaa cha dirisha. Alinisikiliza huku akimnyonyesha mtoto, machozi yakimtiririka, kisha akauliza:

"Na langu ulilitoa wapi?"

Nikamwambia anyamaze, mimi bado naongea. Hakunyamaza.

"Bibi alikuwa nalo hilo jina hata nilipozaliwa mimi. Langu ulilitoa wapi, mama?"

Nililitoa kwenye kalenda. Nilikuwa mwalimu mpya, nimejifungua, nesi ananisubiri na kalamu. Nikatazama ukutani, kalenda ya parokia, nikasoma mtakatifu wa siku ile. Jina fupi, rahisi, halitachekwa na mtu. Nilikuwa bado nakumbuka kibao tulichovishwa shingoni shuleni kwa kusema Kifipa, na sikutaka mwanangu aitwe kwa lugha ile mbele za watu. Mama alifika saa moja baadaye kwa miguu, unga wa ulezi ameufunga kwenye pindo la kanga. Nilipomwambia jina limeshaandikwa, aliufungua ule unga, akanikorogea uji, akasema, "Tutangoja." Sikumwomba radhi. Nilijiona msomi. Na maana ya jina la kalenda sikuitafuta hata siku moja. Huyu wa leo angalau alitafuta maana tatu.

Nilisugua sufuria iliyoungua hadi mikono ikauma, nikiwa na hasira na binti yangu zaidi kwa sababu alikuwa amesema kweli.

Jumamosi, siku niliyokuwa nimemwahidi mama, tulikwenda Kaengesa. Nilitaka kumpigia mama simu kwanza nimweleze, nikashindwa, nikajidanganya kwamba ana kwa ana ni heshima zaidi. Tukamkuta amekaa mlangoni na kitenge kipya, bakuli la togwa limefunikwa pembeni yake. Alikuwa ameichachua kwa siku zake, asubuhi ile ameichuja. Macho yake hayaoni vizuri siku hizi.

"Shikamoo, bibi," binti yangu akasema.

"Marahaba. Nipeni mgeni wangu."

Akampakata. Akampapasa kichwa, masikio, vidole. Alikuwa anatafuta togwa kwa mkono wa pili nilipomwambia, kwa Kifipa, kwamba mtoto ameshapewa jina.

Mkono ukarudi. "Anaitwaje?"

Nikamwambia. Akalirudia mara mbili, polepole, kwa adabu, kama anavyofanya akitambulishwa kwa mtu.

"Alikuwa nani?"

Binti yangu akadhani anaulizwa maana. "Maana yake ni nuru, bibi. Kwa Kiebrania."

"Nimeuliza mwenyewe alikuwa nani. Mwenye jina."

"Hakuna mtu, bibi. Ni jina tu."

Mama hakumtazama yeye, aligeukia upande wangu. Nami, badala ya kunyamaza, nikaanza kufoka. Nikazisema simu, nikawasema vijana wa siku hizi, nikamsema mwanangu mbele yake. Mama aliniacha nimalize yote. Nilipoishiwa nikamsihi. Nikamwambia mama, mwite tu, nani atakuzuia, mtoto wa wiki nne anajua nini.

"Ameshaitwa," akasema. "Nimdanganye mwanangu wa Muze?"

Akafunua bakuli, akampa binti yangu. "Kunywa, unanyonyesha." Binti yangu akanywa yote huku analia, na mama akamshikilia mtoto, akimwita lile jina la kwenye simu, bila kukosea hata mara moja.

Kisha akaniambia mimi, taratibu, kwa Kifipa.

"Basi nitakwenda nalo. Nikimkuta nitamrudishia mwenyewe."