Kile Nilichokiita Dikoda

Nilifanya kazi kwenye ubao wa kuunganishia simu za reli hapa Nakuru mpaka ubao wenyewe ukaondolewa. Hatukuruhusiwa kusikiliza maneno ya watu, wala hakukuwa na haja. Ukiona taa ya ofisi ya mizigo inawaka kila mara taa ya mkubwa wa stesheni inapozimika, unajua nani anapelekewa habari. Nilijivunia sana ujuzi huo. Ndio uliofanya nimfukuze mtu asiye na kosa.

Mke wangu alipofariki, mwanangu wa kwanza aliniwekea intaneti nyumbani. Aliniletea pia saa ya umeme ya kutundika sebuleni, yenye tarakimu kubwa nyekundu.

"Macho yako yamechoka, baba," alisema. Nilimbariki.

Fundi wa intaneti alinionyesha ukurasa ambao vifaa vyote vya nyumba huonekana, kila kimoja na mstari wake. Kikituma kitu mstari unapanda, kikinyamaza unashuka. Nilihisi nimerudishiwa ubao wangu. Nilichora ramani ya nyumba nikakiweka kila kifaa chumbani mwake: televisheni, simu yangu, simu ya dada wa kazi aliyenitunzia nyumba. Kifaa kimoja hakikuwa na jina. Nikampigia mwanangu.

"Hiyo ni dikoda ya televisheni, baba. Iache tu."

Nikaandika dikoda.

Wakati huo nilitaka kumpa binti yangu shamba letu la Rongai. Ndoa yake ilikuwa imevunjika na alikuwa na watoto wa kulisha. Nilimwambia ndugu yangu peke yake, sebuleni, mlango umefungwa. Kabla ndugu huyo hajafika kwake, mwanangu alinipigia: "Tangu lini mashamba yanagawiwa wasichana?" Nikazungumza na mzee wa kanisa, ikawa vilevile. Mwanangu alijua hata mzaha tuliocheka.

Nikakaa mbele ya ukurasa wangu. Kila wageni walipoingia, simu ya dada ilipanda juu kabisa. Kwangu hiyo ilitosha. Dada huyo alitoka Molo, na ndiye aliyemwogesha mke wangu alipokuwa hawezi kugeuka kitandani. Nilimwita sebuleni.

"Wageni wakija unampigia nani?"

"Mama, mzee. Naona mtoto wangu kwa video."

"Lazima iwe wageni wakija?"

"Si ndio nakuwanga huru? Nikishapeleka chai, wazee wanaongea, mimi nakaa jikoni."

"Uongo wako umekula intaneti nyingi."

Alicheka, akidhani natania. Kisha akaniangalia usoni, akaacha kucheka. Aliondoka na mfuko mmoja. Chai ya jioni aliniachia kwenye thamosi.

Baadaye stima ilipotea, na iliporudi kwa nguvu iliiunguza dikoda. Fundi akaibeba kwenda nayo mjini. Alasiri hiyo nilifungua ukurasa, nikaona dikoda yangu bado inatuma. Nilisimama sebuleni nikaimba ubeti mzima wa wimbo wa kanisani, kisha nikarudi kutazama. Mstari ulikuwa umepanda. Nilikaa kimya, ukashuka. Nikaanza kuchomoa vitu ukutani: redio, taa ya mezani. Nilipochomoa saa, mstari ukafa.

Niliigeuza kwenye mwanga wa dirisha. Kati ya tarakimu kulikuwa na jicho dogo la kamera.

Nilipompigia, mwanangu hakukana. "Ni usalama wako, baba. Je, ungeanguka ukiwa peke yako?"

"Na shamba, ulidhani nalo litaanguka?"

Hapo ndipo nilipokumbuka mahali nilipomfukuzia yule dada: chini ya saa ile ile.

"Ulisikia nikimfukuza?"

"Baba, hayo yalikuwa mambo yako na mfanyakazi wako."

Jicho la kamera ningeweza kulisamehe. Lakini alikaa huko kwake akasikiliza mwanamke akilaumiwa kwa kazi aliyokuwa akiifanya yeye, na hakusema neno. Mtoto huyo nilimfundisha mimi kusema ukweli. Na mimi nikaamini sauti yake iliyoniambia "iache tu", nikakataa ya mtu aliyesimama mbele yangu akinijibu kila nililouliza.

Nilikwenda Molo. Nilimkuta nyuma ya nyumba ya mama yake, amejifunga leso kichwani kwa baridi, anachagua viazi vya kupakia kwenye lori. Nilimweleza yote, ya saa na ya mwanangu, nikamwomba msamaha, kisha nikamwomba arudi.

"Nimekusamehe, mzee. Lakini ulikuwa unatazama simu yangu ikipanda na kushuka, na mimi niko hapo jikoni. Ungefungua tu mlango, ungemwona mtoto, ungemsalimia."

"Rudi basi."

"Hapana. Kwako nitaogopa hata kumpigia mama."

Alininawisha mikono, akanipa viazi vya kuchemsha na chai. Yule mtoto alikuja akasimama karibu na goti langu. Nilimsalimia.