Ndege Iliyopimwa kwa Uzito Wangu

Enzi zetu, sisi tuliokulia Gando, ndege haikurushwa kwa kidole gumba kwenye kioo cha simu. Tuliijenga. Tena ya kupandwa na mtu: kiunzi cha mianzi, mbawa za turubali kuukuu, kiti cha ubao karibu na pua, na magurudumu mawili ya toroli aliyoyatupa fundi muashi. Nyuma mkia uliburuta juu ya kipande cha ndala. Haikuruka, najua. Watoto wa kaka yangu huniuliza hilo huku wakicheka: "Sasa shangazi, ndege gani hiyo?" Ilikuwa ndege ya kushuka nayo mteremko wa skuli asubuhi ya skukuu, watu wote wamevaa nguo mpya, mkate wa kumimina unanukia majumbani na karafuu zinanukia kwenye majamvi. Aliyeshuka nayo alikuwa mfalme mpaka skukuu nyingine.

Kilichotutesa ni magurudumu. Binamu yangu Hamadi aliining'iniza ndege kwa kamba ikiwa tupu, akaona inapotulia sawa, akayafunga pale. Kila aliyekaa kitini alikwenda na pua kwenye mchanga.

"Imerogwa hii," akasema.

Mimi nilicheka. Nilikuwa nimebeba nazi kwa mzega tangu nina miaka michache, mti begani, mzigo mbele na nyuma, na bibi yangu hakuacha kunipigia kelele: "Weye, wausawazisha mti mtupu wa nini? Tia mzigo kwanza!" Basi nikakaa kitini, nikawaambia waninyanyue na ndege yote kwa kamba ile ile. Wakaisogeza kamba, mbele kidogo, nyuma kidogo, hata pua na mkia vikakataa kuanguka. Pale nikatia alama ya mkaa. Magurudumu tukayafunga shubiri moja mbele ya alama, ili mkia ubaki chini, lakini usilemee. Wakanisukuma uwanjani. Ikaenda kama maji.

"Haya, Riziki," akasema Hamadi mbele ya wote, "siku ya skukuu weye ndiye rubani."

Mama alinishonea gauni la kijani. Sikulitazama mara mbili. Mimi niliuwaza mteremko tu.

Asubuhi ya skukuu nilikuwa nimeshakaa, kamba ya usukani mkononi, wenzangu wameshika mbawa, alipotokea Ami Salim, babake Hamadi, mdomo umejaa halua.

"Mtoto wa kike huyo kapandishwa humo na nani? Shuka. Mpisheni Hamadi."

"Ami, imepimwa kwa uzito wangu mimi. Hamadi mzito, pua itaanguka."

"Shuka, mwanangu. Usinijibu mbele za watu."

Watu wakacheka. Nikamtazama Hamadi, aliyetoa ahadi kwa mdomo wake. Yeye akatazama viatu vyake vipya. Nikashuka, naye akakaa.

Hata hawajasukuma sawasawa, mkia ulikuwa umeshanyanyuka. Niliuona peke yangu, nikapiga kelele, nani anisikie? Katikati ya mteremko pua ikachimba ardhi na Hamadi akapaa. Ndicho kitu pekee kilichoruka siku ile. Akatua kwenye majamvi ya jirani yetu Bi Mgeni, karafuu zikatapakaa mpaka njiani.

"Yarabi, karafuu zangu! Nani kalifanya dude hili?"

Hamadi, karafuu zimemganda nyweleni, akaninyooshea kidole. "Magurudumu kayatia Riziki."

Nikaziokota karafuu zile mpaka adhana ya magharibi, nimepiga magoti, gauni la kijani limegeuka rangi ya udongo. Hamadi alipewa halua apoze moyo.

Skukuu iliyopita aliandika kwenye kundi letu la WhatsApp la wenzetu wa utotoni: "Mnakumbuka ndege yangu? Ingefika mpaka kisimani kule chini, ila Riziki alikosea magurudumu." Vikaja vikatuni vya kucheka, kimoja baada ya kingine. Ndege yake! Nimekuwa mtu mzima, naandika vitabu, na inatakiwa nicheke na wenzangu. Sicheki.

Nilipokwenda nyumbani nilisimama juu ya mteremko ule. Umetiwa lami. Watoto walikaa barazani, magoti yao hayana hata kovu moja, wanarusha ndege ya simu isiyojua mzigo ni nini. Nikawahurumia. Kisha nikaona simu imeshikwa na msichana, wavulana wawili wanangoja zamu yao, na mzee aliyekaa kando yao hamwambii neno. Nikageuka macho yangu yasionekane. Mteremko ule sijaushuka mpaka leo.

Hamadi, najua utasoma. Magurudumu yalikuwa mahali pake. Ambaye hakuwa mahali pake ni wewe.