Mdomo wa Mtu Mwingine

Fundi alitujua watu wa mji huu kwa fizi, si kwa sura. Ukimtajia jina la mtu, anauliza, "Yule mwenye kaakaa la kina?" kisha anarudi kwenye nta yake. Miaka kumi na moja tulifanya kazi kliniki moja, mimi mapokezi, yeye chumba cha nyuma kinachonuka plasta. Daktari anachukua kipimo cha mdomo, mimi nampitishia Fundi kwenye kidirisha kisichozidi upana wa sinia, na baada ya siku tano yanatoka meno ya bandia. Mgonjwa hamwoni Fundi, wala Fundi hamwoni mgonjwa. Alipenda iwe hivyo, nami, sisemi uongo, nilimwona ana kiburi.

Zamani hakuwa hivyo. Mkewe alipokuwa hai alikuwa akipita saa saba mchana na kikapu, akicheka hata kabla hajafika mlangoni, mwanya wote nje. Kikapuni mlikuwa na vijiko vitatu, cha tatu changu. Alipofariki, Fundi alimaliza siku za msiba, akarudi, akafunga mlango wa karakana kwa ndani. Tangu hapo alikula peke yake, amesimama, maana kiti cha pili alikirundikia mifuko ya plasta. Nilimpa pole mara moja tu. Mara ya pili niliona haya, na haya hiyo ikadumu miaka minne.

Ndipo akaja mkunga mstaafu, mama wa watu, mkoba kwapani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Niitie aliyetengeneza haya." Akafungua leso, akaniwekea meno juu ya daftari la miadi.

"Yanakubana?"

"Hayabani. Yanatafuna mpaka mifupa. Lakini si yangu."

Akanieleza. Mumewe, kinyozi wa zamani, kumbukumbu zilikuwa zinamtoka kidogo kidogo. Majina ya watoto yalishakwenda. Mkewe mzee alikuwa bado anamtambua, hasa mke akicheka. Tangu avae meno haya, mzee anamkaribisha kama mgeni. "Karibu mama," anamwambia, "mke wangu ametoka kidogo."

"Nikadhani ni ugonjwa tu," mkunga akasema. "Juzi jirani yangu akanichekea mlangoni, naye alitengenezewa hapa hapa. Nikaona mwanya ule ule, na jino lile lile limeinama. Mwanangu, mimi sikuzaliwa na mwanya! Mmetugawia wanawake wa mji mzima mdomo mmoja."

Nikayaangalia yale meno vizuri. Kidirisha kilikuwa wazi, na Fundi alikuwa amesikia.

"Nilifuata kipimo," alisema.

"Fundi," nikamwambia, "huyu ni mkeo."

Akayachukua, akayageuza kwenye mwanga. Sijawahi kumwona mtu akiaibika hivyo mbele ya kazi yake mwenyewe. Kisha akatoa kichwa kidirishani, akamuuliza mkunga kama ana picha akicheka.

"Enzi zetu tulipiga picha kama tuko mahakamani. Anayeujua mdomo wangu ni yule mzee. Twende ukamwulize, mimi nimtake nani mwingine anijue?"

Fundi alikuwa hajaingia nyumba ya mtu tangu msiba. Alibeba nta na kisu chake, mimi nikabeba taa ya spiriti, na njia nzima alitembea nyuma yangu kama anayepelekwa shule kwa nguvu. Mzee alikuwa kwenye kiti cha dirishani. Kabla hatujamaliza salamu alimshika Fundi kidevu, akamgeuza kichwa kushoto na kulia.

"Nani kakunyoa, baba? Kakuonea."

Fundi akacheka. Kicheko kilimtoka kibaya, cha kukwaruza, akaziba mdomo kwa mkono. Kisha akauliza, taratibu, meno ya mke wa mzee yalikuwaje.

"Hayana mpango," mzee alijibu papo hapo. "La mbele la kulia limempanda mwenzake begani. Siku ya kwanza kumwona nikasema, huyu jino lake lina haraka."

Tulikwenda mara nne. Fundi alipasha kisu moto, akalisogeza jino kwenye nta kidogo, mzee akakataa, akalisogeza tena. Siku ya nne mkunga aliyavaa yakiwa yamekamilika, akamgeukia mumewe, akajaribu kucheka. Mzee alimtazama mpaka nikaogopa.

"Ulikuwa wapi wewe?" akasema. "Nimekaa na wageni tu humu."

"Nilitoka kidogo," mkunga akajibu, akamshika mkono.

Fundi alikusanya vifaa vyake haraka.

Kesho yake nilikuta mlango wa karakana uko wazi. Kuanzia sasa, alisema, kila mgonjwa aingie kwanza azungumze naye, acheke akiweza. Mifuko ya plasta ilikuwa imeshushwa sakafuni. Wagonjwa watano waliingia asubuhi hiyo, nikamsikia akiwauliza habari za nyumbani kwa sauti ya mtu aliyesahau jinsi ya kuuliza.

Saa saba akaniita. Mezani kulikuwa na nta yenye meno sita ya mbele, mwanya katikati.

"Ni ya mke wangu," alisema. "Zamani mkono ulikuwa unakwenda wenyewe, hata sijui. Sasa nimeufundisha ya watu, ya kwangu umenipotezea. Midomo ya wateja naona haya kuichungulia, sina wa kumuuliza ila wewe. Jino lililoinama lilikuwa la kushoto au la kulia?"

Nilikumbuka kicheko. Nilikumbuka kikapu, na kijiko changu. Upande wa jino sikuukumbuka.

"La kushoto," nikasema.

Akalisogeza kwa ncha ya kisu, akaliangalia kwa muda. "Una hakika?"

Nikakaa kwenye kile kiti cha pili, nikamwambia nina hakika.