Mkono wa Kiranja

Mwalimu Jenoveva, mzaliwa wa Bukima, hakuwa hodari wa kufundisha. Hesabu za darasa la saba zilimpiga chenga, na hakuficha. Lakini mikono ya watoto aliijua. Asubuhi, watoto wakiwa mstarini, walimu wenzake walipita wakitazama kucha na kuchapa. Yeye aliushika kila mkono, akatulia nao kidogo. Wa baridi, mtoto kalala na njaa. Unaotetemeka, nyumbani kuna kipigo. Na kucha zilizotafunwa hadi nyama zilimwambia kuna jambo zito mtoto analimeza peke yake. Huyo alimwita pembeni, wakazungumza.

Mwalimu mkuu, Thadeo, alimcheka. "Umekuwa mganga wa viganja siku hizi?" Mwacheni acheke. Mtu anayejaza alama za tabia kwa kutazama nani anaimba kwa nguvu ana lipi la kumfundisha mwenzake?

Ulikuwa mwaka wa baada ya watu kuhamia vijiji vya ujamaa. Upande ule wa Suguti, kando ya ziwa, familia nyingi zilifika kwenye viwanja vipya kabla nyumba hazijasimama, mvua ikawakuta nje. Mama yake Gati alikufa kwa kifua. Baba akahamia kwenye pombe.

Gati, binti yao mkubwa, alikuwa kiranja wa shule. Wiki ileile ya mazishi alirudi akicheka, na walimu wakamsifu kwamba mtoto ana moyo. Alitembea kando ya Jenoveva, fimbo mkononi, akiamuru, "Mikono mbele!" Kisha alimnong'oneza mwalimu.

"Mwalimu, huyu Ryoba siku hizi analiaga chooni. Muulize."

Mara zote alisema kweli. Jenoveva alimpenda kwa hilo, akamtegemea kama jicho lake la pili.

"Na wewe, mwanangu? Hujambo kweli?"

"Mimi mzima, Mwalimu! Nikianza kulia, wadogo zangu atawapikia nani?" Akacheka, na Jenoveva naye akacheka. Nani angefikiri vingine? Kinyozi hajinyoi, na kiranja hakaguliwi.

Jumamosi moja Gati alikwenda ziwani kuchota maji, hakurudi. Walikuta ndoo imejaa ufukweni, na kanga yake imekunjwa vizuri juu ya jiwe. Wanaume walisema ni mamba. Wanawake waliitazama ile kanga ilivyokunjwa. Kesho yake wavuvi wakamleta, mwili mzima, bila jeraha.

Jenoveva aliingia na wanawake kumwosha. Aliushika mkono wa Gati, na hapo ndipo alipogundua kwamba hajawahi kuushika. Kucha zote zilikuwa zimetafunwa hadi nyama, nyingine makovu yake ya zamani. Mikono hiyo ilitembea kando yake kila asubuhi, imekumbatia fimbo, ikimwonyesha watoto wa wengine. Alilia kwa sauti mpaka wakamtoa nje. Uchungu wa aina hiyo hauna wa kumsingizia.

Jumatatu alirudi mstarini, macho yamevimba. Thadeo alikuwa ameshateua kiranja mpya, Nyamburi, msichana mchangamfu, mcheshi, mwenye sauti kubwa. Akachukua fimbo akicheka, akasimama kando ya mwalimu, akavuta pumzi ili aamuru.

"Bado," Jenoveva alisema. "Weka fimbo chini, mwanangu. Kwanza nipe mkono wako."

Nyamburi aliacha kucheka, akaificha mikono nyuma.