Mate ya Bibi

Kila asubuhi nikimfungua bibi mdomo ili nimsafishe, harufu inanipiga usoni kama ya matumbo ya sangara yaliyoachwa juani. Dawa zimemkausha. Ulimi umepasuka na kushika utando mweupe mzito, nami naufuta kwa pamba yenye maji ya chumvi huku nimebana pumzi.

“Mate ndiyo yanayoosha bakteria kinywani,” nesi aliniambia. “Yakikauka, wanazaana wanavyotaka.”

Zamani alikuwa nayo tele. Mimi nilikuwa nimeng'oka meno ya mbele, na michembe, vile vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa, ilikuwa migumu kama vigae. Basi bibi aliketi mlangoni kwake kule Kamanga, akanitafunia, kisha akanitemea kiganjani donge la uvuguvugu, lenye kuteleza, likivuta uzi wa mate kutoka kidevuni kwake. Lilinuka ugoro.

“Kula, mjukuu wangu. Tamu?”

“Tamu, bibi,” nikasema, donge likiwa shavuni.

Alipoinama kuchukua kipande kingine, nikawatemea kuku donge lile. Alipoinuka walikuwa bado wanaligombania. Akawatazama, akanitazama na mimi. Kisha akatia kipande kingine mdomoni, akaanza kutafuna upya.

Leo pamba imetoka na ute wa njano unaonata. Nimeruka nyuma. Bibi akafumbua macho.

“Unasikia kinyaa?”

“Hapana, bibi.”

Akanitazama, kisha akafungua mdomo tena.