Nilivyosimama peke yangu kumpinga baba mkwe mbele ya mkutano wa kijiji

Wakuu, heshima kwenu.

Humu ndani mimi ni msomaji zaidi kuliko mwandishi. Juzi kuna mdau aliuliza kama kuna faida ya kusema ukweli wakati unajua kabisa hautabadilisha kitu. Nikaanza kumjibu kwenye komenti, ikawa ndefu, nikaona bora nifungue uzi.

Haya yalinikuta mimi mwenyewe. Majina nimebadilisha, kijiji sikitaji, ila kipo wilaya ya Chamwino. Mengine nayaweka kama yalivyokuwa.

Mimi ni fundi umeme, mtu wa Iringa. Nilikuja Dodoma kufuata kazi za majengo, nikaoa Mgogo, tukaona badala ya kupanga mjini tujenge kijijini kwao. Baba mkwe, nimwite mzee Ndahani, ndiye aliyenipa kiwanja. Hakuniuzia, alinipa.

Kwa asiyejua, mkwe kule ana mipaka yake. Hubishani na baba mkwe. Ukiwa na jambo zito naye unapitia kwa mshenga. Mimi niliyafuata yote hayo bila shida na mzee alinipenda. Akichinja mbuzi, mguu wangu ulikuwa unaletwa nyumbani.

Sasa twende kwenye tukio.

Ilikuwa kiangazi, kile kipindi cha baridi na upepo wa vumbi. Majani yote yamekauka, kijani kilichobaki ni mashamba ya zabibu tu. Natoka alfajiri na pikipiki kuwahi saiti Ihumwa. Kufika kwenye shamba la Mama Yohana, mjane mmoja jirani yetu, naona uzio wa miiba umelazwa chini na ng'ombe wako ndani wanakula mizabibu.

Nikasimamisha pikipiki, nikawamulika. Ng'ombe nawajua. Mbele yao kulikuwa na dume la mzee Ndahani lililovunjika pembe moja. Lile dume nimeshawahi kulishika mwenyewe likipigwa sindano.

Nikawatoa, nikawaswaga hadi kwa mzee. Zizi lilikuwa wazi. Nikamwamsha shemeji yangu Amosi, mtu mzima mwenye familia, ndiye anayelinda pale. Ananuka pombe. Nikamweleza ng'ombe walikokuwa, nikamwambia mzee akiamka aende kwa Mama Yohana wayamalize kijirani. Akasema sawa. Mimi nikawahi kazini.

(Najua mtauliza kwa nini sikupiga picha. Wakuu, nilikuwa nafukuza ng'ombe na fimbo kwenye giza. Picha haikunijia kichwani.)

Jioni narudi, kijiji kizima kinasema Gida kalisha shamba la Mama Yohana.

Gida ni Mmang'ati, mfugaji. Alikuwa na miaka kadhaa pale, anaishi na familia yake ng'ambo ya lambo. Hakuwa na ugomvi na mtu. Ila mwaka ule lambo lilikuwa linakauka, na watu walishaanza kunung'unika kwamba mifugo yake inamaliza maji.

Nikamuuliza mke wangu, Sechelela, nani kasema ni Gida. Akaniambia ni baba. Mzee Ndahani alisimama pale shambani mbele ya Mama Yohana akasema aliwaona ng'ombe wa Mmang'ati wakitokea huko.

Nilikwenda kwa Amosi. Akaniambia mzee akishasema amesema, yeye haongezi neno.

Nikafuata utaratibu. Nikamchukua mshenga wangu, tukaenda kwa mzee kwa heshima zote. Alitusikiliza mpaka mwisho, kisha akamjibu mshenga, mimi hakunitazama. Alisema gizani ng'ombe wote wanafanana. Basi, tukaaga.

Mkutano wa kijiji ukaitishwa. Mtendaji wa kijiji ni mtu wa kuja kama mimi, tunaheshimiana. Aliniita pembeni akanieleza wazi kwamba wazee wameshakubaliana, mkutano ni wa kuidhinisha tu. Nikisimama nitaumia mimi, na Gida ataondoka vilevile.

Nilimwamini. Na niseme mapema, hakukosea hata kimoja.

Siku ya mkutano asubuhi, mke wangu alinipigia pasi shati. Nilipokuwa navaa ndipo akasema.

"Baba Irene, ukisema baba yangu ni mwongo mbele za watu, mimi nitakuwa mtoto wa nani?"

Nikamwambia tu kwamba mimi niliwaona wale ng'ombe.

"Najua uliwaona," akasema, akaingia ndani.

Mkutano ulifanyika nje ya ofisi ya kijiji. Mwenyekiti akaeleza pendekezo: Gida amlipe Mama Yohana mtamba mmoja, kisha ahame na mifugo yake kabla ya mvua. Gida aliulizwa. Kiswahili chake ni cha shida. Alisema ng'ombe wake hawakutoka zizini usiku ule, akakaa.

Nikanyoosha mkono. Nikasema ng'ombe niliwatoa mimi, na niliwarudisha kwenye zizi la mzee Ndahani. Nikataja dume la pembe moja. Nikasema Amosi nilimwamsha mwenyewe. Sikutamka neno mwongo.

Amosi aliangalia chini. Mama Yohana naye aliangalia chini.

Mzee Ndahani alisimama taratibu, akajifunga vizuri mgolole wake.

"Huyu nilimpa binti, nikampa na pa kujenga," alisema. "Sasa amenipa na yeye. Mimi sibishani na mkwe."

Akakaa. Watu wakaguna. Hoja yangu ikaishia hapo, hakuna aliyeniuliza hata swali moja.

Mwenyekiti akaita kura. Wanaokubali, mikono ikajaa. Wanaopinga, mkono wangu. Gida mwenyewe hakunyoosha, alikuwa ananitazama tu.

Mwenyekiti hakunikaripia. Alizungumza kwa upole kabisa. "Fundi, shusha mkono tuandike kwa kauli moja. Jambo limeshapita."

Nikamwambia aandike lilivyopita, na mmoja amepinga. Akasubiri. Mkono sikuushusha. Mwishowe mtendaji akainama, akaandika.

Gida alihama kabla ya mvua, mtamba kamwacha kwa Mama Yohana. Asubuhi anaondoka alipita kwangu, punda wamebeba vyombo, wake na watoto wameshatangulia. Akanipa mkono.

"Mimi nafukuzwa mara nyingi," alisema. "Mtu kusimama, hii ya kwanza."

Sijui aliishia wapi. Namba yake haipatikani.

Kwangu mambo yalikuwa hivi. Mzee alituma ujumbe kwamba nitakaa kwenye kiwanja kwa ajili ya mjukuu, lakini uani kwake nisikanyage. Mguu wa mbuzi ukakoma. Dukani watu wananihudumia na kunyamaza. Mke wangu alimchukua Irene akahamia kwa wazazi wake. Sikumfuata. Niliona hana kosa.

Nikawa narudi kutoka saiti, napika ugali wangu, nalala.

Mvua zilipoanza nikamkuta mlangoni, begi liko chini, mtoto kalala mgongoni. Nikampokea begi. Baada ya kula ndipo akaniambia.

"Nilimuuliza baba. Tulikuwa wawili tu. Nikamuuliza, wale ng'ombe walikuwa wetu?"

Nikamuuliza mzee alijibu nini.

"Aliomba maji ya kunywa. Nikampa. Akanywa, akatoka nje."

Hatujaliongelea tena.

Kwa hiyo mdau wa juzi, jibu langu ndilo hili. Nilishindwa siku ile na nilijua nitashindwa. Ila nilipokuwa nimekaa kabla ya kunyoosha mkono, niliwaza nitakavyopita pale shambani kila alfajiri nikijua nilinyamaza. Hilo niliona litanishinda zaidi. Na yule mtu aliondoka kijijini kwetu akijua kuna mmoja hakukubali. Zaidi ya hapo sina faida ya kukuonyesha.

Nina jambo moja nataka ushauri, hasa kwa mliooa kwa Wagogo. Mzee nikikutana naye njiani bado nampa shikamoo. Hajaitikia tangu mkutano. Rafiki zangu wa saiti wananiambia niache, najidhalilisha. Mimi naona ni mkubwa wangu na ni baba wa mke wangu, na shikamoo yake haihusiani na ng'ombe.

Niendelee au niache? Semeni wakuu, nasoma zote.