Watu wa Bahari Hawasikii Baridi

Ubao wa mashua haupindwi kwa nguvu. Hilo nililijua kabla sijajua kufunga kikoi vizuri. Kwetu kisiwani Chula marehemu baba alikuwa fundi wa mashua, na kazi yangu ya utotoni ilikuwa kuokota makumbi ya nazi, kuyarundika chini ya ubao uliolazwa juu ya mawe, na kuyatia moto. Baba anamwagia ubao maji ya chumvi, moto unakula kwa chini, ubao unafuka na kunuka kama mkate ulioungua kidogo. Kisha yeye na kaka yangu wanaukamata, huyu huku na huyu huku, wanaukunja polepole, nao unakubali kama mchu anayebembelezwa. Nimeandika mchu, yaani mtu. Ndivyo tusemavyo sisi Wabajuni, na neno hilo lina kisa chake, nitakifikia.

Mimi nilikuwa mvivu, sifichi. Moto nilikuwa nauweka kwenye ncha ya ubao kwa sababu ncha ndiyo iliyokuwa kivulini. Baba hakunipiga. Alinisogeza kwa mguu, kama mchu anavyosogeza paka, akasema, "Pasha tumbo. Tumbo likishika moto, ncha zitafuata. Ukianza na ncha utapasua." Mimi nikasikia kama mtoto anavyosikia, yaani nikasahau. Kaka alisikia kweli. Alipokuwa barobaro, watu wa kisiwa cha Kudhaa walikuwa wanamletea yeye mashua zao badala ya baba, na baba hakuona wivu. Kaka alikuwa anapitisha kidole kwenye maungio ya mbao, amefumba macho, anasimama mahali anasema maji yataingilia hapa. Na maji huingilia hapo. Mikono ile haikuwa mizuri, ilikuwa na makovu ya tezo na kucha moja imekufa, lakini chakula cha nyumba nzima kilitoka pale.

Mimi nikaenda Kismayu kubeba mizigo bandarini. Nilipenda mji, nilipenda kahawa na maneno ya barazani, nikajifunza Kisomali cha mtaani mpaka nikawa naota kwacho. Kusoma nilikosoma ni chuo cha Kurani na madarasa mawili tu, basi mnisamehe nikienda kombo. Nataka kusema habari ya kizibao cha umeme, lile vazi la kuvaa ukipanda pikipiki kwenye baridi, wala sijui njia ya mkato ya kukifikia isipokuwa hii.

Vita vilipoingia Kismayu, mama alikuwa kwangu. Alikuja kutibiwa kifua. Kaka akaja na mashua yake mwenyewe, aliyoiunda kwa mikono yake, kutuchukua. Tukampakia mama, tukamlaza kati ya blangeti mbili, tukamfunika kwa tanga la akiba kwa sababu mvua ilikuwa inanyesha na kifua chake kilikuwa kinalia kama mlango. Mashua haijasukumwa, wakaja vijana na bunduki. Sisemi ni watu wa kabila gani. Wanaojua wanajua, na wasiojua haitawasaidia. Walichukua dizeli, wakachukua mchele, wakachukua nyavu. Mmoja wao akavuta lile tanga, akavuta na blangeti, ya juu na ya chini, mama akabiringika kwenye maji ya chini ya mashua. Kaka akamwambia kwa Kisomali, kwa adabu, kwamba yule ni mama yetu, mgonjwa, amwachie walau moja. Kijana akacheka. Mimi nilikuwa nimeshika mashua upande wa nyuma, maji kifuani, sura yake sikuiona. Maneno niliyasikia.

"Nyinyi watu wa bahari," akasema, "hamsikii baridi."

Wenzake wakacheka pia. Ni mzaha mzuri, ukiwa mkavu.

Mama tulimzika Kudhaa. Hakufika hata Chula. Kaka alikaa njia nzima amemkumbatia kumpa joto la mwili wake, amemshika mikono, anaisugua, na mimi kwa ujinga wangu nikamwambia asugue na miguu. Akasema, "Tumbo lake limepoa. Nitasugua nini?"

Kisha tukakimbilia Mombasa, tukakaa kambini. Sina mengi ya kusema juu ya kambi. Mchu aliyekaa hahitaji kuambiwa, na asiyekaa atadhani naongeza chumvi. Lakini kile kisa cha neno ni hapa. Vijana wa mjini walikuwa wakituona tunakwenda kuteka maji wanapiga kelele, "Wachu wangapi leo?" Tukaona haya. Tukajifunza kusema mtu, mtu, watu, mpaka ulimi ukazoea. Basi miaka ikapita, tukafika huko kwenye nchi ya baridi, nikawekwa mbele ya simu nihojiwe na mchu nisiyemuona, apime kama mimi ni Mbajuni wa kweli kabla sijapewa karatasi za kukaa. Nikasema mtu. Akasema, mbona huyu hasemi kama Wabajuni? Yaani nimechekwa kwa kusema mchu, na sasa nanyimwa kwa kutosema. Nikapandwa na hasira nikamtukana kwa lugha ya nyumbani, matusi ya bibi yangu, yenye mkia mrefu. Kisha akasema nimefaulu. Karatasi zangu nilizipata kwa matusi. Kaka alijibu kwa upole, akasubiri muda mrefu kunizidi.

Kazi tuliyopata ni ya kupeleka chakula kwa pikipiki. Mwenye pikipiki alikuwa mtu wa Kismayu, mwenye duka la chakula na mgahawa, tukimwita tajiri. Huko Kismayu watu kama yeye walituita wageni. Huku akawa anatuita walaal, ndugu, na kutusifia kwa wateja kwamba sisi ni watu wa kwao. Baridi huwafanya watu kuwa ndugu. Alikuwa mcheshi, na mshahara alilipa. Nasema kilicho haki yake.

Sasa hiyo baridi. Sisi tulidhani tunaijua baridi, tumepiga mbizi, tumelowa kwenye mashua. Baridi ile siyo baridi. Ya kwetu inakugusa, ya huko inakuingia. Ukiwa juu ya pikipiki upepo unapita kwenye koti kama koti ni wavu. Mimi nilipata kikohozi. Kaka alipata jambo baya zaidi: vidole vyake vilianza kuwa vyeupe. Anarudi kutoka kwenye mzunguko, anavua glavu za ngozi, vidole vinne ni vyeupe kama mishumaa, hata ukivibana hasikii. Siku moja nilimkuta jikoni anapitisha kidole kwenye ukingo wa meza, amefumba macho, kama alivyokuwa anapitisha kwenye mbao za mashua. Akafumbua akaniambia hasikii kitu. Ukingo ule ulikuwa na mpasuko naweza kuuona mimi na macho haya.

Akasema, "Nimetoka kwetu na hii mikono tu. Ikifa, nimetoka na nini?"

Alikuwa na nia ya kurudi, lazima niliseme hili. Mimi nilikwishakata tamaa, yeye hapana. Alikuwa akisema vita vitachoka, na siku vikichoka watu watataka mashua, na atakayeziunda ni nani. Kila kitu chake kilikuwa kwenye vile vidole.

Basi tukaenda kwenye duka la vifaa vya pikipiki kuangalia mavazi ya umeme, maana tulisikia yapo. Kweli yapo. Kuna glavu zenye nyaya ndani, kuna soksi, kuna suruali, kuna kizibao. Mengine yana betri yake ya kuweka mfukoni, inakwisha kabla ya kazi kwisha. Mengine unayachomeka kwenye betri ya pikipiki yenyewe, nayo yana joto la kudumu. Mwanamke muuzaji alikuwa mstaarabu. Alitueleza kwamba pikipiki yetu ni ndogo, umeme wake ni mchache, haiwezi kubeba vyote. Ukiwasha glavu na kizibao na soksi kwa pamoja, betri inakufa njiani. Lazima tuchague kimoja. Akauliza, ili atushauri, baridi inamwingilia kaka wapi kwanza. Mimi ndiye niliyekuwa mkalimani. Nikamgeukia kaka nikamuuliza.

"Mwambie Kismayu," akasema.

Sikumwambia. Nilisema mikononi. Mwanamke akaleta glavu, kaka akaziingiza, akaziangalia kama mchu anavyoangalia samaki wa jana. Mimi nikasema chukua, ndizo. Mikono ndiyo inayokufa, unataka nini tena? Akazivua. Akaenda kwenye kile kizibao, chembamba, laini, cha kuvaliwa chini ya koti karibu na mwili, akakibonyeza pale nyaya zinapopita kwenye tumbo na mgongo. Kisha akaniangalia na nikajua anachofikiri kabla hajasema, na nikaona kama naona mguu wa baba unanisogeza.

"Tumbo," akasema. "Ncha zitafuata."

Mwanamke alipofasiriwa alitikisa kichwa kukubali. Akasema ndivyo, mwili ukipoa katikati huinyima mikono damu, ukipashwa katikati huirudishia. Akasema pia kibane mwilini, kisipwaye, na chini yake fulana moja nyembamba tu, maana joto halipiti kwenye sweta nene. Tulishukuru tukatoka. Hatukuwa na uwezo nacho, na duka halikopeshi watu wa sampuli yetu.

Tajiri ndiye aliyekileta. Alisikia, sijui kwa nani, pengine kwangu, mimi mdomo wangu haujawahi kufungwa. Alikuja uani asubuhi na kizibao cha namna ileile, kimetumika kidogo, akamvika kaka mwenyewe, akamfunga zipu kama anamvika mtoto wa shule, akaunga waya kwenye betri ya pikipiki na fyuzi yake, akamgonga tumboni, akasema kaka ndiye mpanda pikipiki wake bora na hataki afe. Kaka alimshukuru sana. Alimwombea dua, kwa sauti, baraka katika mali na watoto.

Na kizibao kilifanya kazi. Siwezi kukisingizia. Wiki hazikuwa nyingi, vidole vikaanza kurudi, kwanza kwa maumivu, analia machozi akiosha vyombo, kisha kwa uzima. Akaazima randa kwa jirani akarekebisha mlango wetu uliokuwa unakwaruza. Akaanza kuchonga kipande cha mbao, hakusema ni nini, lakini mimi mtoto wa fundi, niliona mkuku, uti wa mgongo wa mashua. Akawa anaimba. Jambo moja tu la kuchekesha: alikuwa anasahau kuchomoa waya. Anafika kwa mteja, anashuka na mfuko wa chakula, anapiga hatua, waya unamvuta nyuma tumboni, anasimama kama mbuzi aliyefungwa kambani. Tulikuwa tunamcheka uani. Tajiri alikuwa anamwita mbuzi wangu. Kaka naye alicheka.

Ilikuwa siku ya theluji, mchana, tumesimama uani tunangoja vyakula. Alikuwapo kijana mpya, katoka nchi nyingine ya joto, anatetemeka, anamlalamikia tajiri kwamba hawezi kupanda pikipiki bila vazi kama la kaka. Tajiri alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai. Akacheka. Akatuonyesha sisi kwa kidevu, akamwambia kijana awaige wazee hawa. Kisha akatugeukia, akasema kwa Kisomali, kwa mzaha, kwa furaha kabisa:

"Nyinyi watu wa bahari hamsikii baridi."

Nitakuwa mkweli. Mimi nilicheka. Ndiyo, nilicheka, kwa sababu tajiri akicheka mchu hucheka, na maneno yalikuwa yameshapita masikioni kabla hayajafika ndani. Kaka hakucheka. Alikuwa ameshakaa juu ya pikipiki, injini inanguruma, waya umeungwa. Akamwangalia tajiri usoni. Kisha akamuuliza kwa adabu ileile, sauti ileile ya chini, "Wewe siku ile ulikuwapo pwani Kismayu? Penye mashua?"

Tajiri hakubadilika rangi. Ningependa kuandika kwamba alibadilika. Akanywa chai yake.

"Walaal," akasema, "nani hakuwapo pwani? Vilikuwa vita."

Basi. Hata leo watu huniuliza, ndiye au siye? Maneno yale pengine yalisemwa na wengi, pengine ni methali ya mji mzima. Mimi sura sikuiona, nilikuwa nyuma, maji kifuani. Aliyeiona ni kaka.

Alizima injini. Alivua koti, akafungua zipu ya kizibao polepole, maana vidole vilikuwa vizima na havikuwa na haraka. Safari hii hakusahau: alichomoa waya kwanza. Alikikunja kizibao mara moja, akakilaza kwenye kiti cha pikipiki, bado kina joto, theluji ikawa inakiangukia na kuyeyuka. Akavaa koti lake. Tajiri akamwita, sio kwa ukali, akamwambia aache utoto, chakula cha watu kinapoa. Mimi nikamwita kaka. Nilidhani anakwenda kuswali, adhuhuri ilikuwa imeingia, na msikiti ulikuwa upande ule.

Alipita msikiti. Mikono aliibana kwapani, akashika barabara ya chini, hakugeuka, na hakurudi tena, uani wala nyumbani.